Kuendesha Michezo ya Konsoli kwenye Kompyuta kwa Kutumia Emuleta

Mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya PlayStation 2 umejaa amri ambazo prosesa ya mashine hiyo tu ndiyo inayozielewa, na kompyuta ya kawaida ikipewa amri hizo moja kwa moja haina la kufanya nazo. Emuleta ni programu inayokaa katikati kama mkalimani: inasoma amri za mchezo, inazigeuza ziwe amri za prosesa ya kompyuta, na papo hapo inaigiza chipu za picha, za sauti na za kadi ya kumbukumbu kana kwamba konsoli yenyewe ipo. Kazi hiyo yote hufanyika mchezo ukiwa unaendelea, bila nafasi ya kupumua. Ndiyo maana konsoli iliyotoka mwaka 2000, ikiwa na prosesa ya takriban megahezi 295 na memori ya megabaiti 32, inaweza kuitoa jasho kompyuta iliyoizidi nguvu kwa mbali.

Kabla ya kupakua chochote, basi, ichunguze kompyuta yako. Wengi huanza na habari za kadi ya michoro, ilhali kinachoamua zaidi ni kasi ya kiini kimoja kimoja cha prosesa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kuigiza haigawanyiki kirahisi kati ya viini vingi. Prosesa mpya yenye viini vinne huweza kuishinda kwa urahisi ya zamani yenye viini vinane. Kadi ya michoro nayo ina sehemu yake, maana ndiyo inayoamua picha inaweza kukuzwa kiasi gani kupita ukubwa wake wa asili. Michezo ya Super Nintendo, Game Boy Advance na PlayStation ya kwanza itakwenda karibu kwenye kompyuta yoyote inayofanya kazi. GameCube, Wii na PlayStation 2 zinahitaji prosesa nzuri kidogo. PlayStation 3 ni habari nyingine kabisa: prosesa yake iitwayo Cell iliwapa watengenezaji wa michezo visaidizi sita vya kukokotoa vinavyofanya kazi sambamba na kiini kikuu, na kuviigiza vyote kwa wakati mmoja kunadai kompyuta yenye nguvu hasa. Anayeanza asianzie huko.

Kila moja ya konsoli hizi ina emuleta yake iliyokomaa, na nyingi hutolewa bure. PCSX2 ni ya PlayStation 2, DuckStation ni ya PlayStation ya kwanza, Dolphin ni ya GameCube na Wii, PPSSPP ni ya PSP, konsoli ya mkononi ya Sony, mGBA ni ya Game Boy Advance, na RPCS3 ni ya PlayStation 3. Ipo pia RetroArch, ambayo hukusanya emuleta nyingi chini ya menyu moja. Wapo wanaoisifu kuliko zote, na ni kweli kwamba ina mambo mazuri, lakini menyu zake ni nyingi mno kwa mgeni, na hitilafu ikitokea ni vigumu kujua kama imetoka kwenye RetroArch yenyewe au kwenye emuleta iliyo ndani yake. Ushauri wangu ni kuchagua konsoli moja unayoifahamu, emuleta moja inayojitegemea na mchezo mmoja, kisha kuhakikisha hivyo vitatu vinafanya kazi kabla ya kuongeza kingine.

Pakua emuleta kutoka kwenye tovuti rasmi ya mradi wenyewe. Ukikuta ukurasa unaokutaka ujaze dodoso kwanza, au unaokupa emuleta ikiwa imefungashwa pamoja na BIOS (programu ya kuwashia konsoli, nitaieleza hapa chini) na michezo mia kadhaa, ondoka hapo mara moja, kwa sababu miradi halisi haigawi michezo wala BIOS.

Hapo ndipo suala la sheria linapoingia, na ni vyema lieleweke. Mwaka 2000, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kampuni iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba kunakili BIOS ya PlayStation wakati wa kuichunguza, kwa lengo la kutengeneza emuleta, kulikuwa matumizi ya haki, yaani yasiyohitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Uamuzi huo ulihusu uundaji wa programu. Haukumpa mtu ruhusa ya kusambaza michezo wala BIOS, ambavyo hubaki mali ya wenyewe. Mwaka 2024 watengenezaji wa emuleta ya Yuzu, iliyokuwa ikiendesha michezo ya Nintendo Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola za Marekani milioni 2.4 na kuufunga mradi wao. Sheria za kunakili diski unayoimiliki zinatofautiana baina ya nchi na nchi, lakini njia iliyo safi zaidi ni kutumia konsoli yako mwenyewe na diski zako mwenyewe, na maelezo yanayofuata yanachukulia hivyo.

BIOS ni programu ndogo iliyomo ndani ya konsoli, inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha. PCSX2 na DuckStation haziwezi kufanya kazi bila hiyo, na huna budi kuitoa kwenye konsoli yako kwa programu maalumu ya kazi hiyo. Dolphin na PPSSPP haziihitaji, kwa kuwa zimejitengenezea mbadala wake, na mGBA vilevile ina mbadala wa ndani. RPCS3 inahitaji programu ya mfumo ya PlayStation 3, ambayo Sony wenyewe wameiweka kwenye tovuti yao kwa ajili ya kusasisha konsoli.

Kuhamisha michezo kutoka kwenye diski hutegemea konsoli. Diski za PlayStation 2 husomwa na kisomaji cha kawaida cha DVD: unaiweka diski, unafungua programu ya kunakili diski kama ImgBurn, unaiagiza itengeneze faili ya aina ya ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, kisha unasubiri. Diski za PlayStation ya kwanza nazo husomwa, ila zihifadhi kwa mfumo wa BIN na CUE, ambapo BIN hubeba yaliyomo kwenye diski na CUE hueleza mpangilio wake, maana nyingi zina nyimbo zilizorekodiwa kama za CD ya muziki, na faili ya ISO haibebi nyimbo hizo. Diski za GameCube na Wii hazisomwi na visomaji vingi vya kompyuta. Njia iliyozoeleka ni kuutumia mtambo wa Wii uliofunguliwa kuendesha programu za nje, ambapo programu iitwayo CleanRip huinakili diski hadi kwenye kadi ya SD au diski ya USB. Faili kamili ya diski ya GameCube ambayo haijabanwa ina baiti 1,459,978,240 barabara, kwa hiyo faili yako ikiwa pungufu, ama imekatwa sehemu fulani ama kunakili kuliishia njiani. Kwa uhakika zaidi, linganisha alama ya uhakiki ya faili yako, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, na ile iliyoorodheshwa kwenye Redump, kanzidata ya mtandaoni ya diski za michezo.

Faili ya CUE inastahili neno la ziada, kwa sababu huwaangusha wengi. Ifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi na utaona mstari wa kwanza unaotaja jina la faili ya BIN likiwa ndani ya alama za kunukuu, ukifuatiwa na orodha ya nyimbo na mahali kila mmoja unapoanzia. Ukibadilisha jina la BIN ili lipendeze, bila kuugusa mstari ule, emuleta itatafuta faili isiyokuwepo na mchezo hautafunguka. Dawa ni kuandika jina jipya ndani ya CUE, au kuzibana faili zote ziwe moja ya aina ya CHD kwa programu ya chdman. Mbano huo haupotezi chochote, huokoa nafasi, na unakubaliwa na DuckStation na PCSX2. Kwa upande wa Dolphin, aina inayofanya kazi kama hiyo ni RVZ, na Dolphin yenyewe ndiyo huitengeneza.

Sasa tuchukue PCSX2 tuifuate hatua kwa hatua. Tengeneza folda moja kwa ajili ya michezo na nyingine kwa ajili ya BIOS, uziweke mahali ambapo hutazihamisha. Ukiifungua PCSX2 kwa mara ya kwanza, litatokea dirisha linalokuongoza: chagua lugha, kisha ielekeze kwenye folda ya BIOS. Kama faili ni sahihi, itaonekana kwenye orodha pamoja na eneo lake, yaani Japani, Marekani, Ulaya na kadhalika. Orodha ikiwa tupu, faili hiyo si BIOS kamili na hakuna haja ya kuendelea mpaka uipate iliyo sahihi. Dirisha linalofuata linaomba folda ya michezo, na la mwisho linahusu kidhibiti. Hapo chomeka kidhibiti chako kwa waya wa USB, chagua upangaji wa vitufe wa moja kwa moja, na mara nyingi kazi huwa imekwisha. Kidhibiti cha Xbox na cha PlayStation vyote hutambuliwa. Fahamu tu kwamba vitufe vya kidhibiti asilia cha PlayStation 2 vilipima nguvu ya kidole, na michezo michache ilitegemea jambo hilo. Kwa kuwa vidhibiti vya leo havipimi hivyo, PCSX2 ina kitufe cha ziada unachoweza kukipanga kiigize mbonyezo hafifu.

Bofya mara mbili jina la mchezo, nao utaanza. Cheza kwanza kwa dakika kadhaa bila kugusa mpangilio wowote. Emuleta za siku hizi zina kanzidata ya marekebisho ambayo hutumika yenyewe kulingana na mchezo, na mtu anayenakili mipangilio ya zamani aliyoisoma mahali fulani mara nyingi huyaharibu yale yaliyokuwa yamekwisha kurekebishwa.

Ukiridhika kwamba mchezo unakwenda, panda kwenye ubora wa picha. Ukubwa wa asili wa PlayStation 2 ni mdogo kwa skrini za leo, na kuuzidisha mara tatu kunaufikisha karibu na ule wa pikseli 1080. Kwa PSP, ambayo skrini yake ilikuwa na pikseli 480 kwa 272, kuzidisha mara nne kunatoa 1920 kwa 1088. Maumbo ya pande tatu hunufaika sana, kingo zake zikawa safi. Michoro bapa na maandishi, kinyume chake, hubaki na ukungu wake, kwa kuwa vilichorwa kwa ukubwa ule ule mdogo.

Ikiwa mchezo unakwenda polepole, usibahatishe. Washa maelezo ya kasi yanayoonyeshwa juu ya skrini, kisha urudishe ukubwa wa picha kwenye ule wa asili. Kasi ikipanda hadi asilimia 100, tatizo lilikuwa kadi ya michoro, na utapanda tena ngazi moja moja hadi uone inapolemewa. Isipobadilika, prosesa ndiyo iliyozidiwa, na kupunguza picha zaidi ya hapo hakutasaidia kitu. PCSX2 huonyesha hata mgawanyo wa kazi: EE ni prosesa kuu ya konsoli, GS ni upande wa picha, na namba iliyo karibu na 100 ndiyo inayokuonyesha penye msongamano. Kwenye kompyuta mpakato, hakikisha umechomeka umeme na kwamba mfumo haujachagua hali ya kuokoa betri. Kama ina kadi mbili za michoro, iagize Windows itumie ile yenye nguvu. Jihadhari pia na namba ya fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde: mchezo wa toleo la Ulaya mara nyingi huenda kwa fremu 50 kwa sekunde, si 60, na hiyo ndiyo kasi yake kamili. Kipimo cha kuaminika ni asilimia.

Kuna aina nyingine ya kukwama isiyotokana na udhaifu wa kompyuta. Mchezo unakwenda vizuri, ghafla unasita kila kinapotokea kitu kipya, kwa mfano mlipuko au mahali pageni, kisha unaendelea. Hapo emuleta inaandaa programu ndogo za kadi ya michoro kwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 Dolphin ilipata suluhisho kwa jina la Ubershaders, na ukichagua hali yake ya mseto kwenye mipangilio ya picha, kusita huko hupungua sana ikiwa kadi yako inaweza kuubeba mzigo huo.

Linabaki suala la kuhifadhi ulipofika. Njia ni mbili, nazo hazilingani. Ya kwanza ni kuhifadhi ndani ya mchezo wenyewe, kwenye kadi ya kumbukumbu ya kuigizwa, kama ulivyofanya kwenye konsoli. Ya pili ni hifadhi ya papo hapo, ambayo hunasa hali nzima ya mashine kwa kitufe kimoja, hata katikati ya pambano. Hapa kuna mtego kwa anayetumia emuleta zaidi ya moja: katika PCSX2, kitufe cha F1 kinahifadhi na F3 kinarejesha, katika Dolphin, F1 kinarejesha na ni Shift pamoja na F1 ndivyo vinavyohifadhi. Mkono uliozoea Dolphin ukitaka kurudi nyuma ndani ya PCSX2 utaifuta hifadhi ya zamani kwa hali ile ile uliyotaka kuikimbia. Badilisha vitufe hivyo vifanane kabla hujaanza mchezo mrefu.

Hifadhi ya papo hapo pia imefungamana na toleo la emuleta lililoitengeneza, na baada ya kusasisha inaweza isifunguke tena. Kwa hiyo, kabla ya kusasisha, hifadhi ndani ya mchezo, funga emuleta, kisha nakili folda ya kadi za kumbukumbu uiweke mahali pengine. Katika PCSX2 folda hiyo inaitwa memcards na kadi ya kwanza ni faili iitwayo Mcd001.ps2. Ina takriban megabaiti 8 tu, na unaweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingine, ukaiweka kwenye folda yenye jina hilo hilo, na kuendelea na mchezo pale pale ulipouachia.