Uzi kwenye kioo, kwa wanaofuata vifaru Nakuru

Kabla ya kuingia Hifadhi ya Ziwa Nakuru, mwombe dereva afunge kipande cha uzi wa sufu kwenye kioo cha pembeni, uwaonyeshe upepo unakoelekea. Mkimwona kifaru kwa mbali, zimeni injini, na kiyoyozi pia, hata kama gari la kifahari mmelilipia ghali. Kisha tazameni uzi. Ukipeperuka kutoka upande wa kifaru kuja kwenu, tulieni papo hapo barabarani. Mara nyingi ataendelea kula huku akisogea. Ukipeperuka kumwelekea yeye, upepo unampelekea harufu yenu, zungukeni kwa barabara nyingine. Kifaru haoni vizuri, ila pua na masikio yake ni makali mno. (Picha pigeni, lakini zimeni kwanza huduma ya mahali (location) kwenye simu, picha isije ikawaelekeza majangili alipo.)

Mbinu hii inamfaa hasa kifaru mweupe, anayekula nyasi kwenye uwanda wazi. Yule mweusi hula vichakani, kwake msiitegemee sana. Upepo ukizungukazunguka mchana, au magari yakijazana, uzi haukusaidii. Na mama mwenye ndama mwachieni nafasi, upepo uwe wa upande wowote.