Risasi ya kuwindia pongo kwenye kichaka kizito

Wadau wa uwindaji wa leseni hapa Arusha, nimeona niseme hili maana mgeni mwingine anakuja na risasi alizojaza baruti na kichwa mwenyewe kwao Marekani, amezipima kwa shabaha ya mbali kabisa, halafu huku kichakani pongo anamtokea mita thelathini tu. Hapo kichwa cha risasi, ile ncha inayoruka, kikiwa chepesi na chenye spidi kubwa kinapasukia begani, nyama yote inakuwa damu na mnyama anakimbia na jeraha, inauma sana kuona.

Kwa bunduki ya saizi ya .30-06 mimi namshauri achukue kichwa cha greini 180 (kama gramu 11.7), ncha laini, ile ambayo koti la shaba limeshikana na madini ya risasi yaliyo ndani, inafunguka taratibu na kupenya mpaka upande wa pili, unapata damu ya kufuatia kwenye majani.

Na jamani ile habari kwamba kichwa kizito kinapita kwenye matawi bila kuyumba si kweli, hata kijiti cha unene wa kidole kinaweza kukipindisha, kwahiyo subiri uwazi, kama bega halionekani usipige.

Akibadilisha kichwa au baruti, apige shabaha upya kabla ya kuingia porini.