Kuchora Paka Kuanzia Mgongoni

Anayejifunza kuchora paka karibu kila mara huanza na uso. Huchora duara, akaweka pembetatu mbili juu yake ziwe masikio, akatia macho makubwa na masharubu, kisha ndipo akatafuta mahali pa kuubandika mwili. Hata kama macho hayo yamechorwa kwa ustadi, kinachopatikana ni kinyago chenye mkia, kwa sababu kinachomtambulisha paka hakiko usoni peke yake. Kiko katika namna uti wake wa mgongo unavyopinda na namna uzito wake unavyotua ardhini. Ndiyo maana ninapendekeza mpangilio wa kinyume: mgongo uje kwanza, zifuate sehemu tatu kubwa za mwili, kisha miguu, na uso uchorwe pale tu hayo yote yatakapokuwa yamekaa sawa.

Kielelezo chetu kitakuwa paka wa mitaani wa Lamu, na sababu ya kumchagua ni ya kiufundi. Paka huyu ni mwembamba, ana miguu mirefu, masikio makubwa na manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi, na wengi wanaomtazama humfananisha na paka wa sanamu za Misri ya kale. Kwa mchoraji, wembamba huo ni neema kubwa, kwa kuwa mfupa wa bega huonekana ukipanda na kushuka, nyonga hujitokeza waziwazi, na goti halijafichwa na chochote. Paka wa manyoya marefu huyaficha yote haya, hata mwanafunzi akajikuta anachora manyoya asiyojua yamelalia nini. Asiyeweza kufika Lamu atampata paka wa umbo hilo Mombasa, Tanga au Unguja, hasa karibu na soko la samaki; la muhimu ni manyoya yawe mafupi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: penseli ya HB, yenye ugumu wa kati, kwa mistari ya mwanzo, ya 4B, iliyo laini na nyeusi zaidi, kwa vivuli, raba laini, kichongeo na karatasi nyeupe zisizo na mistari. Karatasi za kawaida za A4 za kunakilishia zinatosha kabisa. Karatasi ya bei kubwa humfanya anayejifunza aogope kuiharibu, na hofu hiyo huukaza mkono.

Mtafute paka wako asubuhi, baada ya wavuvi kumaliza kugawa samaki, maana paka aliyeshiba hujiramba kwa muda kisha hukaa au hulala barazani, na hapo atakupa nafasi ya kutosha. Usimshike, usimfunge kamba, wala usimwite-wite ili akutazame; paka aliyelazimishwa hukunja mwili kwa woga, na woga huo utauchora pia bila kukusudia. Keti chini kiasi kwamba macho yako yakaribiane na usawa wa mgongo wake. Ukimtazama ukiwa umesimama utamwona kwa juu, miguu yake itaonekana mifupi kuliko ilivyo, na kwa anayeanza hilo ni tatizo gumu ambalo halina haja ya kukabiliwa siku za mwanzo.

Tuanze na paka aliyeketi, anayetazamwa kwa ubavu. Kabla ya kuigusa karatasi, fuata kwa macho mstari mmoja unaoanzia nyuma ya fuvu, unaoshuka kwenye shingo, unaovimba kidogo mabegani, unaoinama kuelekea nyonga, kisha unaomalizikia kwenye ncha ya mkia. Uchore mstari huo kwa mkupuo mmoja, kwa wepesi, ukiusogeza mkono kutoka begani na si kwa vidole. Usipoukubali, chora mwingine kando yake pasipo kufuta wa kwanza. Tenga muda mwingi zaidi kwa hatua hii kuliko zote, na ninasema hivyo kwa uzito, kwa sababu mkia uliochorwa kama sehemu ya uti wa mgongo huonekana hai, lakini mkia ulioongezwa mwishoni huonekana umegandishwa tu. Mstari ukikaa sawa, mtu atakayeutazama atajua kuwa ni paka kabla hujachora kitu kingine chochote.

Juu ya mstari huo weka sehemu tatu. Ya kwanza ni fuvu, ambalo ni duara dogo. Ya pili ni kifua, chenye umbo la yai lililoinama, ncha yake nyembamba ikielekea shingoni. Ya tatu ni nyonga pamoja na paja, ambayo kwa paka aliyeketi huwa ndiyo sehemu pana zaidi na ndiyo inayobeba uzito. Ili kupata uwiano, nyoosha mkono ulioshika penseli, fumba jicho moja, na upime urefu wa kichwa kuanzia puani hadi kisogoni. Kisha hesabu ni vichwa vingapi vinavyoingia kati ya kifua na matako. Mara nyingi utapata karibu vichwa vitatu, lakini usikariri idadi hiyo, kwani paka wa Lamu hutofautiana na paka mnene wa nyumbani, na paka huyohuyo akijikunja vipimo hubadilika. Mwanafunzi anayepima hugundua kwa mshangao kwamba kichwa cha paka mzima ni kidogo sana. Kukikuza ni kosa la kawaida, kwa sababu jicho la binadamu huvutwa na uso na kuupa ukubwa usiostahili.

Miguu ndiyo inayowashinda wengi, na hushinda kwa sababu moja: wanaichora kama miguu ya mtu. Paka hutembea kwa vidole. Kile kiungo kinachoonekana katikati ya mguu wa nyuma, ambacho watu hukiita goti lililogeukia nyuma, ni kisigino, nacho huwa juu, mbali na ardhi. Goti lenyewe liko mbele, karibu na tumbo, na huelekea mbele kama la mbwa au mbuzi. Kwa hiyo mguu wa nyuma una mikunjo inayopishana: paja hushuka kuelekea mbele hadi gotini, mguu hurudi nyuma hadi kisiginoni, kisha wayo mrefu hushuka hadi vidoleni. Paka anapoketi, wayo wote hulala chini pamoja na kisigino chake, na hapo ndipo utaona kipande kirefu kilichonyooka ardhini chini ya paja. Wengi hukiacha kipande hicho, wakachora kidole kidogo kikichungulia, na mnyama wao akaonekana kama anayekaribia kuanguka kinyumenyume.

Mguu wa mbele ni rahisi zaidi, ila una siri yake. Mtulinga wa paka, yaani ule mfupa ambao kwa mtu huunganisha kifua na bega, ni mfupa mdogo ambao haukushikamana na mfupa wa bega, na kwa sababu hiyo mabega yake hayatanuki kwa upande kama yetu. Huteleza juu na chini kando ya kifua. Hii ndiyo sababu miguu ya mbele ya paka hukaa karibukaribu, na ndiyo sababu paka anayenyemelea panya huonyesha nundu mbili zikipokezana juu ya mgongo. Chora mfupa wa bega kama kibao kilichoinama juu ya lile umbo la yai, shusha kutoka hapo hadi kwenye kiwiko, ambacho kiko karibu na ukingo wa chini wa kifua, na kutoka kiwikoni teremsha mguu ulionyooka hadi chini. Mguu wa mbele una vidole vinne vinavyokanyaga na cha tano kilichobaki juu kwa upande wa ndani. Mguu wa nyuma kwa kawaida una vinne tu. Usichore makucha, kwa kuwa paka aliyetulia huyaficha.

Linganisha pia urefu wa miguu ya mbele na ya nyuma, na yuko paka anayelionyesha jambo hili vizuri zaidi. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, anajulikana paka wa milia na mabaka ambaye Wagiriama humwita khadzonzo, na ambaye siku hizi hufugwa hata ng'ambo kwa jina la Sokoke. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele kiasi cha kumfanya atembee kana kwamba ananyata. Paka wengine pia wameumbwa na tofauti hiyo, japo ni ndogo zaidi, na mchoraji anayeizingatia hupata nyonga iliyoinuka vizuri pale paka anaposimama.

Sasa uso. Katikati ya duara la kichwa pitisha mstari wa wima, na mwingine wa mlalo katikati ya kichwa pasipo kuhesabu masikio. Macho hukaa kwenye mstari wa mlalo, yakitenganishwa na nafasi inayokaribia upana wa jicho moja. Pembe ya jicho iliyo upande wa pua huwa chini kidogo kuliko pembe ya nje. Ukiziweka katika usawa mmoja, paka hugeuka kuwa mwanasesere. Kutoka kwenye pembe za ndani shusha mistari miwili inayokaribiana, nayo itakuonyesha mahali pa pua, ambayo ni pembetatu ndogo iliyosimama kwa ncha yake. Chini ya ncha hiyo kuna mstari mfupi wa wima unaogawanyika kulia na kushoto kuwa mdomo, na kidevu kidogo ambacho hakipaswi kusahauliwa.

Mboni ya jicho hufuata mwanga. Katika jua kali la mchana wa Pwani huwa ufa mwembamba wa wima, na jioni hutanuka hadi kuwa duara. Kwa hiyo mboni kubwa za duara kwenye mchoro wa paka aliyelala juani ni kosa, hata kama zinapendeza. Chora pia kivuli chembamba ambacho ukope wa juu hukitupa juu ya jicho. Bila kivuli hicho jicho huonekana limechomoza. Sikio nalo si pembetatu bapa, bali ni kama faneli iliyofunguka mbele, na kwenye ukingo wake wa nje, karibu na shina, kuna kijifuko kidogo cha ngozi kilichojikunja. Kichore. Ni alama ndogo, ila huleta ukweli mwingi kuliko manyoya mia moja.

Kuhusu manyoya yenyewe, kanuni yangu ni kuchora machache iwezekanavyo. Manyoya huanzia puani yakielekea nyuma, hupita kati ya masikio, hufuata shingo na mgongo, na hushuka mbavuni kuelekea tumboni. Mistari mifupi ya kuyaonyesha iwekwe mahali penye sababu tu: ukingoni mwa mwili, chini ya kidevu, kwenye tumbo, na pale mwanga unapokutana na kivuli. Paka wa milia humsaidia mchoraji sana, kwa sababu milia huzunguka miguu na mkia kama pete na hivyo kuonyesha uviringo wake, mradi kila pete ichorwe ikiwa imepinda. Juu ya paji la uso wake milia hufanya alama inayofanana na herufi M, nayo hukaa sawasawa juu ya ule mstari wa wima wa uso.

Kabla ya kutia vivuli, amua mwanga unatoka wapi na usibadilishe uamuzi huo. Tia kivuli kwa mapana kwanza, ukitumia ubavu wa penseli ya 4B, katika upande mzima ulio mbali na mwanga, kisha uongeze weusi chini ya taya, kati ya miguu na chini ya paja. Katika vichochoro vya Lamu kuna jambo moja la kuangaliwa: kuta zilizopakwa chokaa hurudisha mwanga, hivyo tumbo la paka aliyeketi karibu na ukuta haliwi jeusi bali huwa la kijivu, na mahali peusi zaidi huwa ni pale mwili unapogusana na ardhi. Mstari huo mwembamba wa kivuli ndio unaomkalisha paka chini. Masharubu yaje mwisho kabisa, kwa mikupuo ya haraka inayoanza kwa nguvu na kumalizikia hewani. Kila upande yapo takriban kumi na mawili kwa safu nne, lakini katika mchoro sita au saba yanatosha.

Ukishaweza kumchora aliyeketi, nenda kwa anayetembea, na hapa njia hubadilika. Usijaribu kumaliza mchoro mmoja. Chora mstari wa mgongo na zile sehemu tatu, na paka akigeuka, acha hapohapo uanze mwingine pembeni. Akirudi katika mkao wa awali, nawe rudi kwenye mchoro wake. Mchoraji wa Kiitalia Leonardo da Vinci alifanya kazi ya namna hii mnamo mwaka 1517 hivi, alipojaza karatasi moja, ambayo sasa imehifadhiwa Windsor katika mkusanyo wa kifalme wa Uingereza, kwa paka wanaopigana, wanaojiramba, wanaolala na wanaonyemelea, na katikati yao akachora joka dogo. Unapomtazama paka anayetembea, angalia kwamba wayo wa nyuma hukanyaga karibu kabisa na pale ulipotoka wayo wa mbele wa upande uleule. Ukilijua hilo hutakosa mahali pa kuiweka miguu.

Mtoto wa paka huchorwa kwa mpangilio huohuo, isipokuwa kichwa chake ni kikubwa zaidi kikilinganishwa na mwili, macho yamekaa chini kidogo ya nusu ya uso, miguu ni mifupi na minene, na mkia ni mfupi wenye ncha kali. Ndiyo maana ni vyema kumwacha hadi umzoee paka mzima, kwani mkono uliozoea kwanza kichwa kikubwa hupata shida kukipunguza baadaye.