Somo: Namna ya kusikiliza granaiti inavyopasuka

Wakuu, granaiti ikikandamizwa haivunjiki ghafla. Kabla jicho halijaona kitu, nyufa ndogo hufunguka kati ya chembe zake, na kila ufa hutoa mtetemo, mara nyingi wa kilohezi 100 hadi megahezi 1. Sikio letu linakomea kilohezi 20, kwa hiyo tunatumia vihisi vya fuwele, vinavyogeuza mtetemo kuwa umeme.

1. Andaa jiwe. Kata mche wa duara, kipenyo milimita 50, urefu 100 au zaidi kidogo. Saga ncha zote mbili ziwe bapa kabisa. Ikibaki kinundu, mkazo unakusanyika hapo na jiwe linalia mapema.

2. Bandika vihisi. Weka 6 hadi 8, vikiwa vimezunguka jiwe juu, kati na chini. Paka grisi nyembamba kila kimoja. Hewa ikibaki katikati, mtetemo hauvuki.

3. Vipime. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa jaribio. Chukua penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5, egemeza ncha yake juu ya jiwe kwa mshazari, karibu na kihisi, uivunje; mtetemo wake ndio kipimo. Rudia umbali uleule kwa kila kihisi. Kinachopishana na wenzake kwa zaidi ya desibeli 3 hivi, kibandue, futa grisi, anza upya.

4. Pima kelele. Washa mashine ya kukandamiza, pampu ingurume, lakini jiwe lisiguswe. Chochote kinachoonekana kwenye skrini si cha jiwe. Kizingiti, yaani kiwango ambacho mtetemo ulio chini yake haurekodiwi, kiwe juu ya hapo. Wengi huanzia desibeli 40.

5. Kandamiza polepole, mkazo ukipanda nusu megapaskali kwa sekunde. Mwanzoni kuna milio michache, nyufa za zamani zikijifunga. Kisha kimya. Kisha milio inaongezeka, na karibu na kuvunjika inamiminika. Hifadhi umbo zima la kila wimbi, usihesabu milio tu.

6. Tafuta ufa ulipo, kwa kulinganisha muda ambao wimbi lake lilifika kwenye kila kihisi. Ndani ya granaiti mtetemo husafiri takriban kilomita 5 kwa sekunde, yaani milimita 5 kwa kila mikrosekunde. Ukikosea mwanzo wa wimbi kwa mikrosekunde 1 tu, ufa unahama milimita 5 katika jiwe la milimita 50!

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimelikandamiza jiwe lilelile mara ya pili, likakaa kimya. Vihisi vimekufa?*
Vunja ncha ya penseli uhakikishe. Vikiitikia, ni vizima. Joseph Kaiser wa Ujerumani alieleza jambo hili mwaka 1950 akichunguza metali: kitu hukaa kimya mpaka mkazo upite ule wa juu kabisa kiliowahi kuubeba. Miamba nayo hufanya hivyo, ingawa si kwa usafi uleule.

*Mwishoni kila kitu kinatokea ndani ya sekunde moja, sioni ufa ukikua. Nifanyeje?*
Swali zuri sana. Mwaka 1991 mtafiti wa miamba David Lockner na wenzake walichapisha dawa yake: waliiachia kasi ya milio yenyewe iongoze mashine. Milio ikizidi, mashine inalegeza. Granaiti ikavunjika taratibu, wakaona milio ikijikusanya sehemu moja, kisha ufa mkuu ukisambaa kutoka hapo. Ukiwa na mashine inayokubali kuongozwa hivyo, fanya.

*Naweza kutumia simu?*
Hapana. Maikrofoni yake imetengenezwa kwa sauti za watu.

*Na mgodini, njia hii inatabiri mwamba kuporomoka?*
Saa kamili haikupi. Inakuonyesha upande upi unapasuka na kama kasi inapanda, na hilo linatosha kuwaondoa watu. Ila tumia vihisi vya masafa ya chini, maana mitetemo ya juu hufifia ndani ya mita chache.