Kompyuta, wifi na seva ya chuo: ya kufanya wiki ya kwanza ya uzamili

Nakaa kwenye dirisha la msaada wa TEHAMA katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na wateja wangu ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Wanakuja kwa misimu. Mwaka wa masomo ukifunguliwa wanakuja waliosahau nywila. Tarehe ya kukabidhi tasnifu ikikaribia wanakuja na flashi iliyofungwa kwenye tishu, kama imeumia. Wa kwanza namaliza naye dakika tano. Wa pili, mara nyingine, namwambia tu pole.

Karibu yote ninayoeleza hapa unaweza kuyamaliza wiki ya kwanza, kabla hujawa na kitu cha kupoteza.

Hatua ya 1: Shika akaunti yako

Utapewa barua pepe ya chuo na nywila ya kuanzia, ambayo mara nyingi inabahatishika kirahisi kwa kuwa imetungwa kutokana na namba ya usajili au jina la ukoo. Ibadili siku hiyohiyo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha zile namba za akiba unazopewa ziandike kwenye karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako. Ukiibiwa simu Kariakoo Jumamosi, karatasi hiyo ndiyo itakayokufungulia akaunti Jumatatu.

Hatua ya 2: Weka eduroam ukiwa bado nyumbani

Eduroam ni wifi ya vyuo iliyoanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa ipo katika nchi zaidi ya 100. Hapa kwetu inapita kwenye TERNET, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti; Kenya ni KENET, Uganda ni RENU. Ukiiweka mara moja chuoni kwako, siku ukienda kongamano kwenye chuo cha Nairobi chenye eduroam, simu inaunganika yenyewe hata kabla hujakaa.

Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kuandika jina la mtumiaji peke yake. Andika lote, pamoja na kipande kinachofuata baada ya alama ya @. Hicho ndicho kinachoiambia mitambo ya chuo ulichotembelea ombi lako lirudishwe wapi kuhakikiwa. Njia nyepesi ni programu ya geteduroam: unachagua jina la chuo chako, unaingiza barua pepe na nywila, nayo inaweka mipangilio pamoja na cheti cha usalama. Cheti hicho usikiruke. Bila hicho, mtu yeyote anaweza kuwasha wifi yake akaiita eduroam, na simu yako ikamkabidhi nywila.

Hatua ya 3: Fungua maktaba ukiwa nje ya chuo

Majarida mengi yanakutambua kwa mtandao unaotumia. Ukiwa chuoni yanafunguka, ukifika nyumbani Mbagala yanakudai dola. Waulize wakutubi njia ya kuingia kutoka nje, na uulize pia kuhusu Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi kama Tanzania maelfu ya majarida bila malipo. Nywila ya mpango huo ni ya taasisi. Ukiirusha kwenye kundi la WhatsApp, siku wakigundua wanaweza kuwafungia wote.

Hatua ya 4: Ukiona mafolda yamegeuka njia za mkato, usibonyeze

Hii naipa nafasi kwa sababu imeliza watu wengi kuliko wizi. Umechomeka flashi kwenye kompyuta ya maabara au ya stesheneri, umechapa, umeondoka. Baadaye unaifungua na kila folda lina kimshale kidogo pembeni. Kazi zako hazijafutika. Kirusi cha kompyuta kimezificha kikaweka njia za mkato (shortcut) zenye majina yaleyale, na kila unapobonyeza moja unakiamsha tena. Usiifomati flashi kwanza, hata kompyuta ikikushauri hivyo.

Nenda kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa. Chomeka, bofya herufi ya flashi kwa kitufe cha kulia, agiza ichunguzwe. Ikishasafishwa, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua hilo dirisha la kuandikia amri, kisha andika hivi (kama flashi yako ni E):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo. Mafolda halisi yatajitokeza, na mara nyingine yote yamesukumwa ndani ya folda moja lisilo na jina. Nakili hati zako tu: Word, Excel, PDF, sauti na picha. Faili zinazoishia na lnk, vbs au exe ziache hapohapo. Ukishahakikisha hati zinafunguka, sasa ifomati flashi.

Hatua ya 5: Nakala tatu

Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwa mwanafunzi wa kwetu maana yake ni laptopu, diski ya nje inayobaki nyumbani, na hifadhi ya mtandaoni uliyopewa na chuo. Flashi siihesabu. Flashi ni daladala, inabeba mzigo toka hapa hadi pale.

Mama mmoja wa uzamivu, mhadhiri wa siku nyingi ambaye mimi namwamkia shikamoo, aliibiwa begi lenye laptopu na diski ya nje kwa pamoja. Sura za tasnifu tulizipata zote, kwa kuwa alikuwa akimtumia msimamizi wake kwa barua pepe. Rekodi za mahojiano hazikuwa kwingine kokote. Aliniuliza, "Mwanangu, kwani haziwezi kuvutwa kutoka hewani?" Alirudi vijijini kuhoji upya, na baadhi ya wazee aliowahoji mwanzo hakuwakuta.

Mambo mawili watu huyachanganya. Kwanza, hifadhi inayojioanisha yenyewe hufuata unachofanya: ukifuta faili kwenye laptopu, na huko linafutika. Google Drive hulishikilia kwenye pipa la taka siku 30 tu. Pili, rekodi zenye majina ya watu si za kuweka kwenye akaunti yako binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kamati ya maadili iliyokupa kibali huenda imekuwekea masharti kuhusu mahali pa kuzihifadhi. Yasome.

Faili zipe tarehe mbele, mwaka ukitangulia: 2025-03-14_sura3. Zitajipanga zenyewe. Nimeshapokea faili linaloitwa "mwisho_mwisho_kabisa2", na mwenyewe hakujua kama ndilo.

Hatua ya 6: Kazi nzito ipeleke kwenye seva

Uchambuzi ukichukua usiku kucha, laptopu ya RAM ya GB 8 siyo mahali pake, na umeme ukikatika unaanza upya. Omba akaunti ya seva, yaani kompyuta yenye nguvu ya chuo unayoitumia kwa mbali. Windows ina zana ya kuunganisha, ssh, ndani yake tangu 2018, kwa hiyo fungua cmd uandike:

ssh jina@anwani-ya-seva

Ukiandika nywila hutaona herufi wala nyota. Haijakwama, ndivyo ilivyo. Andika hadi mwisho ubonyeze Enter.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Ukianzisha kazi moja kwa moja, wifi ikikatika na kazi inakufa. Fungua kwanza chumba chake kwa tmux, programu ya kwenye seva inayoiacha kazi iendelee hata ukitoka:

tmux new -s tasnifu

Humo ndani anzisha kazi yako, mfano Rscript uchambuzi.R. Kisha shika Ctrl pamoja na b, achia, bonyeza d. Umetoka, kazi inaendelea. Zima laptopu, panda basi, kalale. Kesho ingia tena kwa ssh uandike:

tmux attach -t tasnifu

Utaikuta ilipofika. Seva yenyewe ikizimwa, hapo tmux haina la kufanya, kwa hiyo programu yako iwe inaandika matokeo kwenye faili kila baada ya hatua kadhaa.

Hatua ya 7: Kuomba msaada

Ujumbe huu nimeupokea, kwa maneno tofautitofauti, mara nyingi mno: "Kaka habari, kompyuta imegoma, nisaidie haraka natetea tasnifu kesho." Nikiusoma sijui nianzie wapi. Linganisha na huu:

"Habari za mchana. Nafungua SPSS kwenye kompyuta namba 14, maabara ya ghorofa ya pili. Inatoa ujumbe kuwa leseni imeisha muda. Namba 13 haina shida. Imeanza leo asubuhi. Picha ya kioo nimeambatisha."

Huyu nimeshajua tatizo lake kabla sijasimama. Sema ulikuwa unafanya nini, umeona maneno gani hasa, imeanza lini, na mahali pengine inafanya kazi au la. Picha ya kioo kwenye Windows ni kitufe cha Windows, Shift na S kwa pamoja. Nywila yako usiiandike. Fundi wa kweli haihitaji.

Hatua ya 8: Kabla ya kurudisha kadi

Akaunti ya chuo huweza kufungwa ukishahitimu, na barua pepe zako zikaondoka nayo. Uliza tarehe mapema. Fungua ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, uiunganishe na barua pepe yako binafsi, badili anwani kwenye majarida uliyoyatumia makala, kisha pakua barua zako zote. Zikiwa Google, zana inaitwa Takeout. Ianzishe kwa wifi ya chuo siku mbili kabla ya kuzungusha fomu za kuondoka, maana faili lake laweza kufika GB kadhaa na kwa bando la simu utalia.