Kabla ya kukata tiketi ya anga za juu, uliza habari ya kurudi

Mwezi Juni 2024 wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams walipaa kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu wakitarajia kukaa siku 8 hivi. Chombo chao kikaingia hitilafu, kikarudishwa Duniani kitupu, nao wakarejea Machi 2025 kwa chombo kingine, baada ya siku 286. Hao ni wazoefu, na walikokwama palikuwa na chakula, wenzao na njia nyingine ya kushuka. Kwa hiyo mwenye nia ya kusafiri asianze na bei ya kupanda. Aulize atashukaje, kisha kila jambo linalofuata alipime kwa swali hilo.

Jua kwanza ni safari gani unayouziwa, maana jina moja limebeba vitu viwili. Ipo ya kupaa na kushuka palepale: New Shepard, roketi ya kampuni ya Blue Origin, ilipita kimo cha kilomita 100 na kurudi ndani ya dakika 10 au 11, na muda wa kuelea bila uzito ulikuwa dakika chache tu. Ipo pia ya kuizunguka Dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kasi hiyo lazima imalizwe na hewa wakati wa kurudi, na ndiyo inayozaa joto kali linalochoma ngao ya chombo. Chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilisambaratika katika hatua hiyo mwaka 2003, watu 7 wakafa, kwa sababu kipande cha povu la kuhami tangi kilikuwa kimetoboa bawa lake tangu siku ya kupaa. Bei nazo zimeachana mno. Kampuni ya Virgin Galactic iliuza kiti cha safari fupi kwa dola 450,000 mwaka 2021, ilhali Dennis Tito, mtalii wa kwanza kujilipia nauli, alisemekana kutoa dola milioni 20 hivi mwaka 2001 kwa takriban siku 8.

Uliza kuhusu mfumo wa kujiokoa. Septemba 2022 roketi ya New Shepard, ikiwa haina mtu, iliharibika ikiwa njiani kupanda. Kapsuli, yaani chumba cha abiria, ikajichomoa yenyewe na kutua kwa parachuti. Mimi nisingepanda chombo ambacho wenye nacho hawawezi kunieleza, hatua kwa hatua, abiria anaokokaje injini ikifa.

Mwili nao una safari yake ya kurudi. Wengi hupata kichefuchefu siku za mwanzo, na hilo hupita. Mifupa ndiyo ya kuangaliwa: inayobeba uzito hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya msongamano wa madini yake kwa mwezi mtu asipofanya mazoezi, ndiyo maana wakazi wa kituo hufanya mazoezi saa 2 hivi kila siku. Macho pia yanaweza kubadilika. Mwenye safari ya dakika 10 hili halimhusu sana, lakini wa wiki kadhaa akapimwe mapema na apange muda wa kupona akisharudi.

Kisha mkataba, na hapa naomba usome polepole. Sheria ya Marekani humtaka mwendeshaji amweleze abiria kwa maandishi hatari zilizopo, na kwamba serikali haijakithibitisha chombo hicho kuwa salama kwa kubeba watu. Ukitia sahihi, umekubali. Angalia bima yako ya maisha kama inagusa safari za namna hii, na angalia fedha zitarudije safari isipofanyika. Mwaka 2024 mradi wa dearMoon, uliokuwa umeshachagua watu wa kuuzunguka Mwezi, ulifutwa kabla ya kuruka. Mars One, iliyokusanya maombi ya watu wa kwenda kuishi sayari ya Mirihi bila kurudi, ilifilisika mwaka 2019.

Anayetaka kuhamia huko kabisa ana mzigo mwingine. Roketi zinazotumika tena zimepunguza gharama, na hilo ni tumaini la kweli. Lakini nafasi nzuri ya kwenda Mirihi huja kila baada ya miezi 26 hivi, safari huchukua miezi 6 hadi 9, na ukishaondoka huwezi kugeuza njiani. Ujumbe wa redio unaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kufika, kwa hiyo daktari wa Duniani hawezi kumwongoza mpasuaji. Mashine ya MOXIE, iliyopelekwa huko na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilitengeneza oksijeni kutoka hewa ya Mirihi: gramu 122 kwa jumla, yaani pumzi ya mtu mmoja kwa saa chache. Ni mafanikio makubwa, ila ni mwanzo tu. Hata hapa Duniani, watu 8 waliofungiwa ndani ya Biosphere 2, jengo la majaribio lililozibwa huko Arizona, Marekani, mwaka 1991 waliona oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 hivi hadi karibu 14, kwa kuwa vijidudu vya udongo viliitumia na hewa ya ukaa viliyoitoa ikanaswa na zege. Wakaongezewa oksijeni kutoka nje. Mirihi hakuna nje ya namna hiyo.

Usinunue kiwanja pia. Mkataba wa kimataifa wa anga za juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha Mwezi au sayari nyingine, basi hati ya ardhi ya huko haina serikali ya kuilinda.

Ukiwa bado unataka kwenda, nami natamani wengi waende, andika wosia na mteue mtu wa kukuamulia mambo ukichelewa. Halafu dai majibu kwa maandishi kabla ya kulipa amana: chombo kikikwama, nani atanifuata, kwa chombo gani, baada ya siku ngapi, na hewa iliyomo inatosha siku ngapi?