Umeme wa taa za ziada kwenye pikipiki ya umeme

Ukifunga taa za ziada kwenye pikipiki ya umeme yenye betri sita za asidi za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, usivute waya kutoka betri moja, hata kama volti zinalingana. Chukua umeme upande wa volti 12 wa konvata, yaani boksi dogo la alumini linaloshusha volti 72 za betri zote hadi 12, ambalo mara nyingi hukaa chini ya kiti, na uweke fyuzi karibu kabisa na unapounganisha. Mimi nilikosea nikavuta waya kutoka betri moja, na nilipopima betri baada ya miezi miwili, tano zilisoma volti 12.7 na ile yenye taa ikasoma 12.1. Betri inayobebeshwa mzigo peke yake huisha kabla ya nyingine, na kwa kuwa chaja huona jumla ya volti za betri zote tu, iliyo dhaifu haijai kamwe huku zilizobaki zikichajiwa kupita kiasi, hadi seti nzima inaharibika. Konvata huchota kutoka zote kwa usawa. Kwa taa mbili za wati 20, zinazotumia takriban ampea 3.3, fyuzi ya ampea 5 inatosha. Njia hii hushindwa konvata ikizidiwa: ya ampea 10 hutoa wati 120 hivi, na taa kubwa, indiketa na honi tayari zinatumia sehemu yake. Taa kubwa ikififia unapopiga honi, punguza mzigo au funga konvata ya pili.